Chumba cha Saba Hakifunguki kwa Saini

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kaka yangu,

Nakusalimu kwanza, tena vizuri, kwa sababu nikianza na yaliyo moyoni salamu nitazisahau. Hujambo? Mgongo unaendeleaje, bado unakukaba ukishuka kwenye lile gari la kunyanyulia mizigo ghalani? Wifi yangu mzima? Na wale pacha, ambao mpaka leo nawajua kwa picha na kelele za simu tu, meno ya mbele yameshaota? Mara ya mwisho mmoja aliniita "sangazi" na mwenzake akamcheka. Waambie nawapenda sawasawa, hata huyo aliyecheka.

Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, analala vizuri, na kugomba anagomba vizuri zaidi. Tatizo macho tu. La kulia limekwisha kabisa. La kushoto linaona umbo la mtu akisimama mlangoni lakini haliwezi kusema ni nani. Daktari anasema ni ile ile presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, tulinde kilichobaki. Kila asubuhi na jioni namtilia matone, na kila asubuhi na jioni ananiambia mkono wangu mzito. Juzi nilisimama mlangoni, akaniamkia "Shikamoo" akidhani mimi ni shangazi. Nikaitikia "Marahaba" kwa sauti nzito. Alinifukuza na ufagio mpaka uani, na kwa mtu asiyeona, kaka, shabaha anayo.

Haya. Salamu zimekwisha, sasa kaa chini.

Habari umezipata. Najua umezipata, na nitakwambia nimejuaje, lakini acha nianzie mwanzo kama ninavyowaeleza watu wa magazeti. Mwezi uliopita kampuni yetu ilitangaza kwamba hakutakuwa na sehemu ya tano ya mchezo wetu wa kompyuta, *Ua wa Mafundi*. Tangazo niliandika mimi mwenyewe, mistari sita, nikaisoma mara mbili nikaibandika mtandaoni, nikaenda kunywa chai. Sikuomba radhi kwenye mistari hiyo. Wenzangu sita walitaka niongeze "tunasikitika", nikawaambia anayesikitika aongeze yeye. Hakuna aliyeongeza.

Miaka tisa, kaka. Miaka tisa tumekaa watu saba katika vyumba viwili juu ya duka la magodoro, tukichora ua ule ule. Bi Bisibisi na sanduku lake la vifaa. Wapangaji wanamletea redio iliyokufa, pasi iliyoungua, saa iliyosimama tangu harusi. Mchezaji anafungua, anatafuta ubovu, anatengeneza, na kadiri anavyotengeneza mwenye kitu anamsimulia mambo yake. Kazi ikiisha, mlango wa mpangaji yule unafunguka. Ndiyo mchezo mzima. Hauna bunduki wala mashindano, na walituambia hautachezwa na mtu. Wamecheza watu wengi kuliko ninavyoweza kuwafikiria kwa pamoja, na nimewashukuru, na nitaendelea kuwashukuru. Lakini sehemu nne zinatosha. Kila kitu nilichokijua kuhusu ua nimekwisha kukiweka. Nikiendelea nitaanza kudanganya.

Sasa mashabiki. Siku ya kwanza tulipokea barua pepe zaidi ya elfu mbili. Wapo waliolia, nao nimewaelewa. Wapo waliotukana, nikajifunza matusi mawili mapya. Mmoja aliandika neno "kwanini" tu, kurasa nzima, na mwisho akaweka "nasubiri jibu". Siku ya tatu likaja shada la maua la msibani, kubwa kama gurudumu la lori, limefungwa utepe ulioandikwa "Bi Bisibisi, tangulia". Mwenye duka la magodoro ndiye aliyelipokea kule chini. Akapanda nalo ngazi pole pole, amevua kofia, machozi yanamlengalenga, anauliza ni nani kati yetu. Ilibidi tumketishe na kumpa maji. Alipoelewa kwamba marehemu ni picha, hakutusemesha siku mbili. Shada nimelitundika nyuma ya kiti changu cha kazi, ili kila anayekuja kunisihi alione kwanza.

Hata matone ya Mama yameingia kwenye ugomvi huu. Yule dada wa duka la dawa, ambaye zamani alikuwa akiniona ananiita "mtu wangu", sasa ananiangalia kama nimemwachia mtoto mlangoni. Wiki ile ile ya tangazo alinipa kichupa, akakishikilia kidogo kabla ya kukiachia.

"Kweli unaacha?"

"Naacha."

"Na chumba cha saba?"

"Kitabaki kilivyo."

Akakiachia kichupa, bila mfuko. Tangu siku hiyo sipewi mfuko. Naondoka na dawa mkononi, kichwa juu.

Jumamosi iliyofuata walikuja mashabiki wenyewe. Kama watu thelathini, wamejipanga kwenye ngazi zetu kuanzia kwenye magodoro mpaka mlangoni petu, kila mmoja na bisibisi kwenye mfuko wa shati. Hawakuvunja kitu wala hawakutukana. Walikaa tu wakaimba muziki wa mchezo, na waliuimba vibaya. Unamkumbuka niliyekusimulia, mwenzetu anayeshughulikia sauti, tunayemwita Masikio? Alivumilia mizunguko miwili. Wa tatu akafungua mlango akatoka kuwarekebisha, "Hapana, hapo mnapanda, hamshuki," na akaishia kuwaongoza kwa mikono kama kwaya. Nikabaki ndani na msaliti wangu anasikika nje.

Nilipotoka walinyamaza. Nikawaambia nilichokiandika: mchezo umekwisha, sirudi nyuma, na nawapenda. Mwanamume mmoja akasimama, fundi wa kuchomelea, mikono imejaa makovu ya cheche. Akasema mke wake alikuwa hamsemeshi kwa mwaka mzima, akajifunza kutengeneza pasi kwenye mchezo wetu, akatengeneza pasi ya kweli ya mke wake, na siku hiyo wakala pamoja. Alipokuwa akisema hivyo alikuwa analia bila kuficha uso. Nilitaka kumkumbatia, nikataka pia kumsukuma ngazi nzima, kwa sababu mtu akikulilia hivyo anakutia unyonge mbele ya watu. Nikamwambia, "Shemeji, pasi umeshaijua. Sasa nenda katengeneze redio." Wengine wakacheka, yeye hakucheka, lakini alinipa mkono alipoondoka.

Na wote, kaka, kuanzia fundi yule mpaka dada wa dawa, wanaishia swali moja: chumba cha saba. Maana vyumba sita hufunguka, cha saba hakifunguki. Kipo mwisho wa ua, mlango wa bluu uliobanduka rangi chini, kufuli limening'inia, na ufanye utakavyo, utengeneze hata jua, hakifunguki. Watu wameandika vitabu. Kuna wanaosema humo mna hazina, kuna wanaosema mna maiti ya mumewe Bi Bisibisi, na kuna mwalimu mmoja wa hesabu aliyetuma kurasa arobaini kuthibitisha kwamba chumba hakina sakafu. Sehemu ya tano waliitaka kwa ajili ya mlango huo tu.

Wewe unajua ni mlango gani. Nauangalia sasa hivi kupitia dirisha la uani.

Lakini nitafika huko. Kwanza nikwambie kwa nini nimeacha, kwa sababu magazetini nilisema nimechoka, na hiyo ni nusu ya ukweli.

Sehemu ya nne ilipotoka nilileta kompyuta hapa nyumbani, nikaiweka mezani, nikamkalisha Mama mbele yake. Bi Bisibisi anatembea kama Mama, unajua. Anaweka mkono kiunoni kama Mama, anapuliza vumbi kama Mama. Nilitaka ajione. Nikauanzisha mchezo, nikazunguka ua wote, nikatengeneza pasi, nikafungua mlango wa mshona viatu. Nusu saa nzima. Mama amekaa, mikono mapajani, anatabasamu kwa adabu kama mgeni. Halafu akaniuliza, "Imeanza?"

Nilimwambia bado, mashine ina matatizo. Nikazima. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Baada ya siku ile sikuweza tena kuchora. Nilikuwa nakaa kitini nashika kalamu ya kuchorea naona ule uso wake wa adabu. Ndiyo maana mchezo wetu mpya hauna picha hata moja. Skrini nyeusi, mwanzo hadi mwisho. Unasikia nyumba: maji yanachuruzika mahali, mtu anakohoa chumba cha pili, kijiko kinaanguka, nawe unatafuta njia kwa masikio. Mashabiki wameshauita "mchezo wa mgao wa umeme". Wengine wanasema tumeishiwa rangi. Waseme. Mama amekijaribu kipande cha kwanza mara kumi na nne, amepotea mara kumi na tatu, na kila akipotea anautukana kwa furaha ambayo sijaisikia tangu tukiwa wadogo. Kwa hiyo hata wakileta mashada mia, sirudi kwenye rangi.

Sasa tuje kwako.

Baada ya kushindwa kwenye ngazi, mashabiki walitengeneza orodha ya kutia saini. Watu elfu kumi na moja na ushee, kila mmoja na jina lake la mtandaoni na neno lake chini. Unanijua mimi nina kisirani. Wenzangu walinikataza kuisoma, nikakaa nikaisoma, nimjue kila adui yangu. Nilisoma siku mbili. Na nilipofika namba mia tatu na nne nikakuta mtu anaitwa Mpangaji wa Zamani, na neno lake nimelinakili hapa neno kwa neno ili usije ukakataa:

"Nimecheza sehemu zote nne zaidi ya mara ishirini. Kila nikitoka kazini napita uani, nakaa kwenye ngazi ya tatu, ile inayolia ukiikanyaga, naangalia mlango wa saba. Hamna haki ya kuondoka na kuuacha umefungwa. Sihitaji hata kujua kilichomo. Ufungueni tu, hata kwa kuvunja."

Nililipenda neno hili, nikupe ukweli. Nikasema huyu angalau anaandika kwa moyo. Nikaendelea mpaka mia tatu na ishirini, ndipo nikasimama. Ngazi inayolia?

Kaka, ngazi ile hailii. Katika mchezo hailii! Nilimpigia Masikio siku hiyo hiyo, akakagua sehemu zote nne, akarudi na jibu ameinamisha kichwa: tulisahau kuiwekea sauti. Miaka tisa Bi Bisibisi anapanda na kushuka ngazi tatu za mbao kimya kimya kama paka. Ngazi ya tatu inalia hapa, nyumbani kwetu, kwenye ngazi hizi za mbao za kushukia uani, na wanaojua hivyo duniani ni Mama, mimi na wewe.

Nilicheka peke yangu mpaka mwenye magodoro akagonga dari yake na ufagio. Kisha hasira ikanipanda. Wewe! Wewe wa kunidai mimi nifungue mlango! Hivi ni nani aliyeufunga? Siku ile unaondoka, mizigo imeshapakiwa, Mama analia, ukarudi mbio uani ukafunga chumba chako na kufuli kubwa, ukanicheka, "Ili Sisimizi asiguse redio zangu." Ufunguo ukautia mfukoni ukaondoka nao. Wiki mbili baadaye ukapiga simu, ukicheka bado: ufunguo nimesahau ninao, nitauleta nikija likizo. Likizo gani, kaka? Imepita miaka kumi na moja.

Shangazi amekitaka chumba hicho mara ngapi aweke vitu vyake! Fundi wa kufuli ameletwa mara mbili, na mara mbili Mama amemnywesha chai akamrudisha kwao. "Mwenye ufunguo yupo," anasema, na mjadala umekwisha. Kwa hiyo nilipoanza kuchora ua nilichora nilichokiona kila asubuhi nikipiga mswaki, yaani mlango wa bluu uliofungwa. Sikuficha hazina wala maiti. Humo mna kitanda chako, makasha ya redio ulizozifungua ukashindwa kuzirudishia, na kiatu changu kimoja cha shule ulichonificha, usidhani nimesahau. Watu elfu kumi na moja wananidai mimi, na ufunguo uko kwako, nawe umo kwenye foleni yao umetia saini. Nimetukanwa na wengi mwezi huu lakini hakuna aliyenipatia kama wewe.

Basi Alhamisi nilirudi mapema nikamsomea Mama. Nia yangu tukucheke pamoja. Alikuwa anakunja nguo kitandani, unajua anavyokunja sasa, anapapasa mshono kwanza ili ajue mbele na nyuma. Nikamsomea kwa mbwembwe, nikaiga na sauti yako. Kwenye ngazi inayolia alicheka sana. Nilipomaliza akasema, "Rudia la mwisho." Nikarudia: ufungueni tu, hata kwa kuvunja.

Akaacha kukunja.

"Ameupoteza."

"Nini, Mama?"

"Ufunguo. Mwenye ufunguo hasemi vunjeni."

Nikamwambia haiwezekani, kila simu anasema upo. Mama akasema ndiyo, kila simu anasema upo, na kila akishasema mtandao unaharibika. Kweli kaka, nilipokumbuka, nikaona aibu kwamba mtu asiyeona ndiye aliyeliona hilo. Kisha akasema jambo ambalo nilitaka nisikuandikie, nikaona nikiliacha barua hii haina maana. Alisema, "Na mimi kila simu namuuliza ufunguo. Miaka yote hii sijamwomba kitu kingine alete. Sasa hana hata hicho, ataingiaje humu ndani?"

Akaanza tena kukunja lile shati moja, akalikunja, akalikunjua. Mimi nililia, na sioni haya kukuambia. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekaa miaka mingi nakuhukumu. Nilidhani umetusahau. Kumbe kila jioni ulikuwa umekaa uani kwetu, kwenye ngazi niliyokuchorea mimi, unaangalia mlango, na ngazi unaisikia wewe mwenyewe kichwani. Na mwaka hadi mwaka ukasema utakuja mambo yakikaa sawa. Mambo gani, kaka? Nani amekuomba mambo?

Ndiyo sababu sasa nakwambia kama nilivyowaambia wao, tena wewe nakwambia kwa ukali zaidi kwa sababu u wangu. Sichori sehemu ya tano. Sikichori chumba cha saba. Ningeweza! Nipe siku tatu, nitakuwekea humo kitanda, redio, kiatu, mwanga wa jioni dirishani, na watu elfu kumi na moja watalia na kunisamehe, na dada wa dawa atanirudishia mfuko. Nawe utaingia, utakaa kitandani kwako, utaona umefika nyumbani, na utakaa huko huko miaka kumi na moja mingine. Hapana. Ua ule uliokuwa unaukalia nimeufunga mimi kwa mkono wangu, na kama nilikuwa na shaka kidogo kabla ya Alhamisi, sasa sina. Nakufukuza kwenye ngazi yangu. Njoo ukae kwenye hii.

Na usinitumie maombi mengine kwa jina la kujificha. Wala usinipigie simu kunibembeleza, mimi mlaini kwenye simu, nitakubali halafu nitajilaumu.

Ndani ya bahasha utakuta kifaa kidogo cha kuhifadhia sauti. Kiweke kwenye kompyuta, vaa hedifoni, fumba macho. Ni mwanzo wa mchezo mpya. Masikio alikuja hapa nyumbani na maikrofoni zake, tukamwambia Mama ashuke uani kama anavyoshuka siku zote. Utasikia ndala zake. Utasikia ngazi ya kwanza, ya pili, halafu hiyo ya tatu. Masikio alitaka kuisafisha sauti ile, nikamkatalia. Wasikilizishe na pacha, waambie huyo ndiye bibi yao anatembea. Sikilizeni mara moja au mbili. Ishirini ni nyingi.

Jambo moja tu la kukuharakisha, na silitii chumvi. Nimekwambia jicho la kushoto bado linaona umbo la mtu mlangoni. Daktari hakutuambia mpaka lini, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Angekuona. Asingejua ni wewe, angekuamkia "Shikamoo", nawe ungeitika kwa sauti yako, hapo angejua.

Jana, Jumamosi, shangazi alikuja tena na habari ya kuvunja kufuli, safari hii na mpwa wa jirani na mtaimbo. Mama alisimama mbele ya mlango wako akawaambia, "Huu una mwenyewe wa kuuvunja." Kisha akaingia stoo, akapapasa huko ndani muda mrefu, vitu vinaanguka, amekataa kusaidiwa, akatoka na ile nyundo kubwa ya marehemu baba. Akaiegemeza kwenye mlango wa bluu, akapiga kelele nyumba nzima isikie kwamba atakayeiondoa hapo atamtambua. Nimejaribu kuisogeza kidogo nifagie. Amenisikia.

Mjomba anakusalimu, anasema koti ulilomwachia sasa halimfungi tumboni. Shangazi anakusalimu ingawa amekasirika, anasema ukija umpe yeye chumba. Jirani mpiga pasi anakusalimu. Masikio anakusalimu na anakushukuru kwa kutukumbusha ngazi, anasema kwa miaka tisa hilo ndilo kosa pekee alilowahi kulifanya, na sisi tumemwacha aamini. Msalimie sana wifi, mwambie nyumba ina nafasi na mimi nakoroma kidogo tu. Pacha wabusu, kila mmoja peke yake.

Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe mgongo wa safari, na akuondolee aibu isiyo na maana.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, hata ukiwa namba mia tatu na nne,

Sisimizi.

Nyongeza: Nimemsomea Mama barua yote. Amesema nimeandika maneno mengi na kwamba kwenye ufagio nimeongopa, hakunifukuza mpaka uani, aliishia jikoni. Amesema pia kuanzia leo simu zote utakazopiga hatakuuliza ufunguo. Atakuuliza unakuja lini. Nyundo iko mlangoni.